Nyasi za Nyuma ya Nyumba Yako

Dada yangu Mwende,

Kuna jambo nimekuficha kuhusu zile nyasi zilizo nyuma ya nyumba yako. Nalitaja kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitajificha humo, kama nilivyozoea.

Sasa nikuulize: magoti yanakuruhusu kulala? Mvua imefika Kalamba, au imepita juu ikaenda kwa wengine? Mimi sina nafuu. Daktari wa hapa Wales ameacha dawa za kutibu, ananipa za kutuliza tu. Naandika nimelala, univumilie mwandiko.

Kioko wako alinipigia simu. "Mjomba, hiyo shamba ya nyuma imekaa bure. Nyasi iko mpaka kiunoni. Nataka kuweka ng'ombe wa maziwa." Nikamwambia angoje barua. Akacheka: "Barua? Mjomba, wewe ni wa zamani sana!" Acha acheke. Lakini asiweke ng'ombe pale. Wala mbuzi, wala kuku.

Unamkumbuka yule tajiri aliyekodi hapo akawa anayeyusha betri kuukuu, mpaka udongo ukawa hauoti kitu. Alipofunga na kuhama, wewe na wazee wa kanisa mlitaka kumbana arudi auchimbe, auondoe wote. Mimi nilikuwa nimekuja kwako kwa utafiti wa chuo. Niliupima udongo ule. Ulijaa madini ya risasi, sumu ya kuharibu akili ya mtoto. Nikakuambia bado natafuta majibu.

Ukingoni niliona vishina vichache vya nyasi, vi hai. Mbegu nyingi zikianguka kwenye udongo kama ule hufa. Moja moja, kwa jinsi ilivyozaliwa, huvumilia. Hiyo ikizaa, watoto wake hurithi uvumilivu, na baada ya vizazi vichache una ukoo mwingine kabisa. Nilichukua mbegu zake, na mbegu za nyasi hizohizo kutoka kwetu Kanyangi, nikaziotesha kwenye makopo yenye udongo wako. Za Kanyangi zilinyauka. Za Kalamba zikasimama. Ulikuwa mlangoni ukinicheka: "Mbithi, wenzako wanafuga ng'ombe, wewe unafuga majani! Utayakamua?"

Niliyakamua, Mwende. Yalinipa shahada, kazi, na chumba hiki chenye joto.

Kisha mvua ikanyesha, pakawa kijani pote. Mchungaji akaja akaomba pale, akasema Mungu ameiponya ardhi. Ukaniuliza mbele ya wazee, "Wewe ndiye umesoma. Imepona?"

Nikajibu, "Si mnaona wenyewe?"

Wazee wakaacha kumfuata yule tajiri. Lakini nyasi zile hazikuondoa risasi. Zilizaliwa zikiweza kuishi nayo, basi. Mbuzi wako walizing'oa na udongo wake, nanyi mkanywa maziwa. Mutua, kitinda mimba wako, alicheza humo akitia vumbi mdomoni. Alipochelewa kusema, na baadaye darasa likamshinda, mama mkwe wako alisema umewaletea damu mbaya. Uliniandikia ukilia. Nikakutumia blanketi.

Mpeleke Mutua hospitali apimwe damu, ingawa sasa ni mtu mzima. Wapeleke na watoto wa Kioko. Pazungushieni miiba, mtu asikanyage, na mkiulizwa sababu, onyesheni barua hii. Nisalimie Kioko na mkewe, na wale mama wa kwaya waliokuwa wakiniletea isyo, ile githeri yetu ya mahindi na maharagwe, nilipokuwa nikichezea makopo yangu. Mutua usimpe salamu zangu. Sina haki nazo.

Limebaki moja. Mchungaji alidanganywa kama ninyi. Kama udongo ule ungeondolewa, utafiti wangu ungekwisha nao. Mbegu za vile vishina nilikuwa nimezizidisha kwenye makopo hadi zikajaa mfuko. Jumapili moja kabla ya mvua, mkiwa kanisani, nilizimwaga pale pote, nikafukia kwa reki yako.

Nyasi zile hazikujiotea. Nilizipanda mimi.

Kaka yako,
Mbithi