Iodini Ndani ya Maji ya Magadi

Eldoret, Jumanne, 12 Machi 1974. Upepo mkavu tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Mvua bado. Moyo mzito.

Baada ya masomo nilibaki peke yangu katika maabara ya shule ninakofundisha. Nilipasha moto punje chache za iodini kwenye chupa. Mvuke wa zambarau ukapanda mara moja. Nikaupitisha ndani ya maji niliyotia magadi ya jikoni kwa Mama. Rangi yote ikapotea. Iodini ikabaki majini.

Hilo ndilo jambo ambalo chuo kimoja cha ng'ambo, kilichonipa nafasi, kinataka nikalisomee. Kinu cha nyuklia kikipata ajali na urani ikazidi joto, iodini yenye mionzi ni kati ya vitu vya kwanza kutoroka. Inatua kwenye nyasi, ng'ombe anakula, mtoto anakunywa maziwa, inajikusanya kwenye tezi ya shingo yake na kumdhuru. Wanatafuta namna ya kuizuia isitoke nje. Jibu langu lazima lifike posta kabla ya Ijumaa.

Nilimweleza Mama wakati wa chai.

"Huo moto uko Kenya?"

"Hapana, Mama."

"Basi wenye moto wazime. Na kule shambani atalala nani? Hizo chupa zako?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili kampuni yetu ya kununua shamba inagawa ploti za Yamumbi kwa kura. Kila mwenye hisa anatia mkono wake mwenyewe kwenye kofia, kisha lazima ajenge na alale hapo yeye mwenyewe kabla mvua zinazokuja hazijaisha. Asiyelala, ploti yake inapewa mwingine. Hisa yetu ina jina langu.

Niseme ukweli. Baba, tuliyemzika Januari, alitaka liandikwe jina la Mama. Mimi ndiye niliyejaza fomu. Nilimwambia Baba kwamba kamati ya kampuni itaheshimu zaidi jina la mtu aliyesoma.

Nilijifungia mlango mwenyewe.

Jana nilimwomba katibu wa kampuni abadilishe jina. Alinitazama kana kwamba nimelewa. "Orodha imeshaenda kwa serikali, mwalimu. Ukitaka kwenda, nenda. Ploti tutampa mtu."

Mama na dada zangu wawili wako kwenye chumba kimoja cha kupanga. Hawana pengine.

Nimeandika barua ya kukataa. Sentensi nne, bila sababu. Ningewaelezaje watu wa huko kwamba ardhi isipolaliwa inaondoka?