Baraka Uliyoniomba kwa Simu

Baba yangu,

Ninakuandikia kutoka maktaba ya shule, meza ya nyuma, karibu na kabati la ramani. Saa hii wewe umelala katika chumba cha upasuaji huko Nairobi, na daktari anatafuta ule uvimbe kwenye koo lako. Ninaogopa sana. Nimeshafuta mwanzo wa barua hii mara tatu.

Nianze na Kyuso, kijijini kwetu, kwa maana huko sikuwa naogopa. Ndengu zikishavunwa, watu walikuwa na raha na wewe ulikuwa na kazi ya kuimba: harusi, harambee ya shule, sherehe ya mtu aliyerudi na digrii. Kabla ya kila safari ulimpelekea susu, nyanya yangu na mama yako, viganja vyako. Mtu mzima, mwenye ndevu, ulipiga magoti mlangoni ukafungua mikono kama mtoto anayengoja peremende. Susu alitema mate kidogo ya baraka, thu, thu, halafu akakuambia kwa Kikamba uende na urudi. Siku moja ulikuwa umeshafika barabarani, gari linapiga honi, ukakumbuka hukutemewa. Ulirudi mbio, zeze likikugonga mgongoni, na abiria wote wakikulaumu.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na susu, maana nilipewa jina lake. Hujawahi kuniita kwa jina hilo. Tangu nizaliwe unaniita mwaitu, yaani mama yangu. "Mwaitu, leta maji." "Mwaitu, umemaliza hesabu?" Wageni walicheka. Mimi niliona ni jambo la kawaida, kwamba kila msichana wa kwanza ni mama wa baba yake.

Halafu yule mama mtayarishaji wa vipindi vya watoto vya televisheni alikuona kwenye tamasha kule mjini Wote. Alisema hakuvutiwa na zeze peke yake. Alivutiwa na watoto waliokuwa wakisogea, wakisogea, mpaka wakakaa juu ya miguu yako. Tulihamia Emali ili upate gari la Nairobi kwa urahisi. Siku ya kwanza ya kurekodi ulirudi nyumbani ukasukuma zeze chini ya kitanda. Mama alipokuuliza ulisema wamekupa kioo cheusi ukiimbie. "Ni kama kuimbia sufuria," ulisema, na ulikuwa na hakika watakufukuza. Wiki iliyofuata uliomba picha yangu ya darasa la pili, ile ambayo sina meno ya mbele, ukaibandika chini ya kamera. Watoto wa Kenya nzima wanadhani unawachekea wao. Kumbe unachekea mapengo yangu.

Sijawahi kukuambia jinsi wasichana wa bweni wanavyonitania. Kwa sababu ya ile sauti ya fisi unayoiga kwenye kipindi, wananiita Binti Fisi. Nikichelewa kwenye foleni ya chakula wanasema, "Mpisheni Binti Fisi, asije akatula sisi." Nikichukua kitabu wanauliza kama fisi hujua kusoma. Mimi hucheka kidogo na kuangalia chini. Sikuwa na haya juu yako, Baba, au labda nilikuwa nayo kidogo. Lakini Jumamosi asubuhi, wakituruhusu kutazama televisheni ukumbini, hao hao ndio hukaa mbele na kuimba na wewe neno kwa neno, wasichana wakubwa wa kidato cha tatu.

Likizo ya Agosti niliona kitu. Kwenye kipindi, fisi alikuwa ameacha kuongea. Alikuwa kikaragosi tu mkononi mwako, anafungua mdomo na kuufunga, na wewe unawaambia watoto eti amenuna. Nyumbani ulikunywa chai ya tangawizi kikombe baada ya kikombe na kusema ni vumbi la Emali. Nilirudi shule nikasoma kitabu cha biolojia kuhusu koo, ukurasa mmoja, nikakifunga. Sikuweza kuendelea.

Sasa nifike jana.

Niliitwa ofisini kwa naibu mwalimu mkuu. Unajua sheria ya hapa: mwanafunzi akipigiwa simu, sauti inafunguliwa ili mwalimu asikie. Madam, naibu mwenyewe, alikuwa pale, na yeye ndiye mlezi wa chama cha Kikristo. Walimu wawili walikuwa wanasahihisha mitihani, na mzazi mmoja alikuwa ameketi na binti yake. Sauti yako ilitoka kama karatasi inayokunjwa. Ulisema ni kesho asubuhi, na daktari hawezi kuahidi kama utaimba tena. Halafu ulisema, mbele ya wote hao, "Mwaitu, susu hayupo tena. Nitemee wewe."

Nilisikia kalamu ya mwalimu mmoja ikisimama. Niliwaza kuhusu Madam, maombi ya Ijumaa, na vile bweni zima lingejua kabla ya jioni kwamba Binti Fisi anatemea simu mate. Nikasema, "Nitakuombea, Baba."

Kisha ukasema, "Haya, mwanangu. Soma vizuri."

Mwanangu. Hujawahi kuniita hivyo hata siku moja. Nimekaa na neno hilo tangu jana, na ndilo linaloniogopesha kuliko uvimbe. Watoto wa televisheni wakikosa sauti yako watapewa mtu mwingine. Lakini hakuna mtu mwingine duniani anayeniita mwaitu.

Asubuhi hii, kabla ya gwaride, nilienda kubisha mlango wa Madam. Nilimweleza yote huku nikiangalia viatu vyangu, nikitarajia mahubiri. Akatoa simu akaanza kubonyeza. Akaniambia susu yake alimtemea kila mtihani mpaka alipomaliza chuo. "Kwani ulidhani mimi nilitoka wapi?"

Mama alipokea. Walikuwa wameshakuingiza chumba cha upasuaji, dakika chache tu kabla. Nilimwomba akikuona akutemee kwa niaba yangu, na alinijibu polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Mimi ni mke wake tu. Mwaitu wake ni wewe."

Kwa hivyo nimekuja hapa. Madam amesema dereva wa shule anaenda Nairobi leo kuchukua vitabu, naye atampa mama barua hii mkononi. Kengele ya darasa imelia na sijaondoka. Ni mara ya kwanza nimekosa somo kwa kupenda, na bado sijui kama umeamka.

Nimeangalia kushoto na kulia. Msichana mmoja yuko karibu na dirisha, ananiona. Acha anione.

Baba, nenda na urudi. Ukiwa na sauti, ukiwa bila sauti, urudi tu.

Ukiamka usijaribu kusema chochote, daktari amekataza. Karatasi imelowa hapa chini na wino umechuruzika. Usidhani ni machozi. Ni mate yangu. Fungua mkono, uweke kiganja hapa.

Ni mimi,
Mwaitu wako