Mume Wangu Amefuta Kihariri Tulichokijenga Pamoja

Tanti Ortansa mpendwa, shangazi wa wasomaji wote wa gazeti, naomba unisaidie, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana nilimweleza dada yangu jambo hili akacheka mpaka akapaliwa, akasema wanawake wenzio wanalia kwa kuwa waume zao ni walevi, wewe unalilia programu ya kompyuta.

Mimi na mume wangu Tiberiu, Tibi kwangu, tunatengeneza tovuti, ndiyo kazi yetu hapa mjini Brăila, na tulijuana enzi zile nyaya za intaneti za mtaa zilipokuwa zikitundikwa kutoka ghorofa hadi ghorofa, na mama yangu, akidhani ni kamba, akaanika juu yake mashuka mabichi, waya ukakatika, nusu ya mtaa wa Viziru ikakosa mtandao, na aliyetumwa kuja kugombana nasi alikuwa Tibi. Hakugombana. Alinikuta naandika ukurasa wangu wa kwanza katika ile programu nyeupe isiyo na lolote inayokuja na kompyuta, akasimama nyuma yangu akauliza, "Dada, unachimba kisima kwa kijiko?" Akarudi baadaye na kihariri kidogo cha kuandikia msimbo, chepesi, kinafunguka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, akasema hii ni nyumba tupu, vyombo unaingiza mwenyewe.

Vyombo vyenyewe ndizo plagini, vile viprogramu vidogo unavyovichomeka ndani yake kimoja kimoja, na sisi tulivichagua kama watu wanaochagua mapazia, tukibishana, tukitafuna mbegu za alizeti mpaka maganda yakajaa kwenye kibodi. Moja ilipaka rangi mabano ili ujue lililofunguliwa huku limefungwa wapi, nyingine ukiandika herufi mbili tatu inakuandikia ukurasa mzima wenye kichwa na kiwiliwili, nyingine ukihifadhi tu kivinjari kinajionyesha upya chenyewe. Rangi nilichanganya mimi, zambarau ya jamu ya plamu na njano ya ugali wetu wa mahindi. Na kwa kuwa herufi zetu zenye mkia, kama ț, zilikuwa zikitokea na mkia wa Kituruki, uliopinda na kugandamana na herufi, wateja wakinung'unika kwamba majina yao yameharibiwa, Tibi aliandika plagini yake mwenyewe ya kunyoosha mikia, akaiita Lavinia, jina langu, na huo ndio uchumba niliochumbiwa, maua sikupewa.

Tukaoana, tukaweka meza mbili zikitazamana, tukatengeneza tovuti ya mwoka mikate, ya daktari wa meno, ya kwaya ya kanisa, na kila nilipokwama nilisema tu "Tibi," naye alikuja na kahawa yake, anainama juu ya bega langu, na yeye akikwama ni vilevile. Tanti, sijui kama unanielewa, lakini sikuwahi kujisikia napendwa kama nilivyojisikia wakati ule, mtu akinukia kahawa sikioni mwangu na kuniambia nimesahau nukta-mkato.

Kisha akapata kazi ya kampuni kubwa ya mbali, anaifanyia nyumbani, na huko wote wanatumia kihariri kimoja kikubwa kizito, mipangilio inatoka juu, hakuna kugusa. Mimi nikabaki na chetu. Majira ya baridi alinipa sehemu ya kazi ile nimsaidie, na nilipohifadhi, plagini zangu zikapanga upya nafasi zote za faili, kwa wenzake ikaonekana kana kwamba kila mstari umebadilishwa, akasemwa mbele ya watu. Nilimwambia pole, ila na mimi nilicheka kidogo, nikasema kumbe kampuni kubwa yote inaogopa nafasi tupu. Hakucheka. Alisema, "Lavinia, hii ni kazi, siyo lile sanduku la vitambaa alilokuja nalo mama yako kuolewa."

Ikaja Pasaka, nikaenda kwa mama kukanda cozonac, mkate wetu mtamu wa sikukuu, niliporudi nikafungua kompyuta yangu nikakuta kihariri chetu hakipo, folda yote imefutwa, plagini, rangi, kila kitu, pale pana kile kikubwa cha kampuni, kimepangwa vizuri, hakina kasoro. Tibi akasema, "Nimekusaidia. Sasa tutafanana." Nilitoka nikasimama kwenye roshani. Nimejaribu kukijenga upya, kihariri chenyewe bado kipo mtandaoni, plagini za wengine nimezipata karibu zote, lakini ya mikia aliiandika yeye na sina nakala, na kumwomba siwezi, nikifungua mdomo naona nitalia au nitatukana.

Sasa nimehamisha meza yangu jikoni kwa mama mkwe, ghorofa ya chini yetu, naye Mama Paraschiva hajaniuliza kitu, ananiletea supu tu na kusema mwanawe tangu utoto akinyamaza ujue ameumia. Rafiki yangu Oana ana ofisi mjini Galați, ameniambia niende nikafanye kazi kwake, kila mtu kule anatumia anachotaka. Si mbali. Lakini nikienda, mimi na Tibi tutakuwa watu wanaolala nyumba moja basi. Niende au nibaki? Namba zetu zote mbili za simu nimeziweka chini, usije ukadhani nimebuni.

Lavinia, Brăila

*

Lavinia, mwanangu,

Sijacheka. Niliwahi kufanya kazi na wapanga chapa wa gazeti hili, na niliwaona wanaume wazima wakifuta machozi kwa aproni siku trei za herufi za risasi zilipobebwa kwenda kuyeyushwa. Mkono hukizoea chombo, na moyo huufuata mkono.

Lakini acha nikuseme kidogo. Mtu kaaibishwa kazini kwa kosa lililotoka mezani kwako, nawe ukamcheka. Kwenye kazi ya kampuni tumia kihariri cha kampuni, hata kama kina uzito wa jiwe la kusagia. Hilo halina mjadala.

Naye kakukosea zaidi. Kufuta kitu cha mkeo akiwa hayupo na kukiita msaada ni kuingia chumbani kwa mtu bila hodi. Nilimpigia simu nikamwambia hivyohivyo, kwa kuwa namba uliniwekea na mimi si mtu wa kuitazama tu. Kwanza alikasirika, akaniuliza gazeti linatafuta nini nyumbani kwake. Nikamwambia linatafuta meza ya mkewe. Halafu akasema maneno haya, na ameniruhusu niyachape:

"Kila nikipita nyuma ya kiti chake nikaona zile rangi, namwona kijana mmoja aliyekuwa anajua kuunda kitu. Siku hizi ninaambiwa kitufe hiki kisogee kushoto, nakisogeza. Kesho naambiwa kirudi kulia. Sikuweza kuendelea kuzitazama."

Umesikia? Wewe ulidhani amezichoka zile siku. Anazililia kuliko wewe, ila wewe ulizihifadhi, yeye akazifuta. Nilimuuliza kama ile plagini ya mikia anayo mahali popote. Hana. Imekwenda. Usiupe moyo wako matumaini kwamba itapatikana chini ya droo.

Basi fanya hivi. Galați nenda, lakini si wiki hii na si kwa hasira. Mwambie Oana utakuja siku mbili kwa wiki, baada ya mwezi, maana unaipenda kazi na watu wa kuongea nao unawahitaji. Jumapili mkitoka kanisani rudisha meza yako juu. Mwombe Mama Paraschiva ashike upande mmoja, atafurahi. Mwambie mumeo waziwazi kwamba alichofanya kilikuuma, kwa sentensi moja, usiongeze ya pili. Kisha fungua kile kihariri chepesi kikiwa kitupu kabisa, bila plagini hata moja, bila rangi zako. Zile za zamani zilikuwa za watu wawili waliokuwa na umri mwingine. Andika jina lolote lenye mkia, na mkia ukitoka vibaya, mwite.

Akija, usimwambie arudishe kitu chochote. Msogezee kiti, na kibodi mpe yeye.

Tanti Ortansa