Jumanne Tuliyokwenda Anomabo

S.L.P. 61,
Agona Swedru.
11 Machi 2023

Mpendwa mpwa wangu Takyiwa,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Hujambo wewe, na mumeo, na kile kifua chako kinachobana? Natumaini theluji ya huko Norwe imekuachia vidole vyote kumi. Sisi tu wazima, ila joto linatumaliza. Jumapili mishumaa ya kanisani ilijikunja mpaka ikamsujudia mchungaji. Usicheke, nilikaa benchi la mbele.

Nakuandikia upesi kabla mkaza mjomba wako, Bentsiwa, hajakupigia simu. Najua atapiga, na najua atasema nini. Habari uipate kwangu kwanza.

Kosa ni lako. Wewe ndiye uliyeandika Krismasi kwamba huko mke na mume huchukua siku moja wakatoka wawili tu kupunga upepo. Bentsiwa aliisoma barua ile mara tatu, kisha akaniuliza, katika miaka ishirini na sita, mimi nimempeleka wapi zaidi ya matangani. Nikamwambia basi twende Anomabo, ule samaki wa kutoka wavuni, na upaone mahali nilipouvuta ule mtumbwi.

Habari ya mtumbwi umekua nayo. Mwaka wa mawimbi makubwa, mimi kijana wa miaka kumi na tisa, mtumbwi umejaa samaki na watu, unakwenda kupasukia mwambani, nami nikaukokota peke yangu mpaka mchangani. Baba yake Bentsiwa hakutaka kumpa binti yake mtu asiye na shamba. Aliposikia habari hiyo akakubali. Kwa hiyo ndoa yangu imekaa juu ya mtumbwi ule.

Tuliondoka asubuhi kwa gari langu, ambalo dirisha la upande wa Bentsiwa halishuki. Alilalamika kutoka Swedru mpaka Saltpond. Hapo nikasimama kuitilia rejeta maji, naye aliposhuka ndala yake ikanasa kwenye lami. Niliivuta kwa nguvu zangu hizi unazozijua, ikaja na kipande cha barabara ukubwa wa sinia. Akaniambia nikirudishe, ni mali ya serikali.

Tulipofika Anomabo, bahari inameremeta hata macho yanauma, na mitumbwi yote iko juu mchangani. Hakuna hata mmoja majini. Wanaume wamekaa chini wanashona nyavu. Nikamuuliza mama mmoja muuza kenke, yale madonge yetu ya unga wa mahindi, jina lake Sekyiwa, samaki wako wapi. Akaniuliza kwanza naitwa nani. Nikamwambia Kobina.

Akawageukia wale washona nyavu. "Jamani, njooni mmwone mtu. Jumanne imo ndani ya jina lake, kila Kobina kazaliwa Jumanne, na bado hajui kwamba Jumanne bahari inapumzika."

Takyiwa, Jumatatu ilikuwa sikukuu ya Uhuru, maduka yamefungwa, kichwa changu kikaihesabu kuwa Jumapili, na kesho yake kuwa Jumatatu. Kosa hilo lingempata yeyote. Lakini siku nyingine wazee wale wangekuwa baharini. Jumanne walikuwepo wote, na kumbukumbu zao zote. Na Bentsiwa, huku jasho likimtiririka puani, akawauliza nani alikuwepo siku mume wake alipovuta mtumbwi peke yake. Katika jua lile nilisikia baridi, nadhani ndiyo hiyo yenu.

"Peke yake?" akasema Sekyiwa. "Tulikuwa arobaini kwenye kamba, mwanangu. Huyu hata kamba hakuishika."

Niliishika, kwa mkono wa kushoto, mwanzoni. Hilo liandike mahali.

Watu wakacheka mpaka nyavu zikawaponyoka. Sekyiwa hakucheka. Akasema, "Huyu ndiye aliyekuwa na mdomo. Tulishakata tamaa, kamba inatuchuna mikono, yeye kasimama juu ya jiwe anapiga kelele, umeshasogea, umeshasogea, vuteni. Haukuwa umesogea hata unene wa ukucha. Tukamwamini, tukavuta. Mume wangu alikuwa ndani ya mtumbwi ule."

Akamwonyesha. Mzee mwenye kofia nyekundu, anashona, hana habari na sisi.

Bentsiwa alimtazama mzee yule muda mrefu. Mimi nasubiri hukumu. Akasema tu, "Kumbe baba alidanganywa," akanunua kenke na pilipili, tukala bila samaki.

Wakati wa kuondoka gari likazama mchangani. Wazee wakaja kusukuma, na Bentsiwa akajipanga nao nyuma, mimi kwenye usukani. Wakasukuma, wakachoka, wakaachia. Ndipo nikasikia sauti ya mke wangu: "Kobina, si useme."

Nikatoa kichwa dirishani. "Limeshasogea!" Halikuwa limesogea, wallahi. Likasogea.

Tangu siku hiyo sina raha ndani ya nyumba yangu. Nikiuliza chakula, kimeshasogea. Nikidai shati langu, limeshasogea. Jana nimemsikia anawahadithia majirani habari ya mtumbwi, na katika maneno yake waliovuta wamefika mia moja na jiwe limekuwa mlima. Nimemwambia asiongeze chumvi. Nimechoka, mpwa wangu.

Nisalimie mumeo na mdogo wako Ebo. Bibi yako Mansa anakubariki na anauliza lini utarudi. Mungu akukinge na baridi hiyo.

Naishia hapa, maana Bentsiwa amesimama mlangoni anauliza barua imefika wapi, ataka kuongeza maneno yake. Nimemwambia imeshasogea.

Ni mimi mjomba wako akupendaye kuliko posta inavyoweza kubeba,
Kobina Egyir