Chiriku na Bwana Kofia

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa idara ameniita asubuhi, hata mkoba sijautua. Chuo kimeletewa programu ya kompyuta ya kufundishia Kiingereza — ya majaribio, muhula huu tu. Anataka mimi niipime. Nikamwambia mimi na kompyuta tunasalimiana kwa mbali. Akasema ndiyo maana kanichagua: nikisema inafaa, hakuna mwalimu atakayebisha. Mjanja huyu.

Kazi yenyewe: mwaka wa kwanza wamegawanywa makundi mawili. Kundi moja linaingia maabara na programu, jingine linaendelea na kipindi cha mazungumzo kama kawaida. Mwisho nawapima kwa mdomo, naandika kurasa mbili, na chini yake jibu: inafaa au haifai. Ikifaa, vipindi vyote vya mazungumzo vinahamia maabara muhula ujao. Nikauliza kama programu na mazungumzo haviwezi kwenda pamoja. Haviwezi, bajeti ni moja.

Hakusema zaidi, wala hakuhitaji. Kipindi cha mazungumzo ni cha Chiriku. Rafiki yangu tangu tulipoanza kazi hapa, na mpaka leo yuko kwa mkataba wa muhula kwa muhula. Vipindi vikihama, mkataba wake nao umekwenda na maji.

Jumatano, 6 Machi

Nimeijaribu mwenyewe. Unavaa hedifoni, anatokea bwana mmoja wa kuchorwa, ana kofia na meno mengi. Anakuuliza habari za hali ya hewa. Unajibu kwenye maikrofoni, anakupa tiki ya kijani, mnasonga mbele. Ukikosea anatikisa kichwa kwa upole, unarudia. Wanafunzi wameshambatiza: Bwana Kofia.

Nilikohoa. Akanipa tiki. Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa.

Chiriku kanikuta kwenye ngazi. Ameshasikia kila kitu. Akasema nisimbebe, niandike ninachokiona, urafiki tuuache nje ya geti. Kisha akahamia kwenye miguu ya mama yake anayeishi naye — siku hizi hata kwenda bafuni anashikwa mkono — na kodi, na jirani anayepiga misumari Jumapili. Kengele ikalia mimi sijafungua mdomo. Ndiye huyo. Jina la Chiriku hakupewa bure.

Nampenda yule mwanamke. Nisipoandika hapa nitaandika wapi.

Alhamisi, 14 Machi

Maabara. Kimya kama msibani, na katikati ya kimya minong'ono: kila mmoja anamnong'oneza Bwana Kofia wake. Fundi wa maabara ananionyesha alama kwenye skrini yake, zinapanda tu. Ana furaha kana kwamba kawazaa yeye.

Karibu na dirisha kakaa yule binti ambaye wenzake wanamwita Kimya. Mwaka mzima sijawahi kusikia sauti yake. Leo midomo inacheza — nikadhani anatafuna bigijii, nikataka kumkaripia. Kumbe anaongea! Fundi anasema huyo ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kufukuzwa.

Sikupenda kusikia hilo. Sijui kwa nini. Najua, ila sitaki kuliandika.

Ijumaa, 22 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi. Maabara imefungwa, Bwana Kofia kalala. Darasa la Chiriku limeendelea bila taabu. Nimefurahi kuliko inavyompasa mpimaji.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nimewasikiliza wa kundi la maabara, mmoja mmoja, ofisini kwangu. Wa kwanza kasema sentensi moja, safi kabisa. Halafu kanyamaza, kanitazama usoni. Nikadhani kasahau. Nikamuuliza jambo jingine — sentensi moja, safi, kimya, macho kwangu. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo. Kwa wa nne ndipo akili ikanifunguka: wanangoja tiki ya kijani! Bwana Kofia huwapa tiki kila sentensi, na bila tiki hawavuki. Mimi sina tiki. Nina miwani tu.

Nimecheka peke yangu baada ya wa mwisho kutoka. Hebu fikiria mtu kaenda kwenye usaili wa kazi, kasema neno lake moja, kisha anawakodolea macho waajiri. Programu gani hiyo? Haifai. Nina ushahidi mkononi, na hakuna wa kuniambia nimempendelea mtu. Chiriku amepona.

Nimenunua keki njiani. Baba watoto kauliza ni sikukuu ya nani.

Jumatano, 3 Aprili

Jana mmoja hakuja, alikuwa na homa. Kimya. Kaja leo, kakaa ukingoni mwa kiti. Nikamwambia anieleze chochote cha kwao.

Kasema sentensi moja kuhusu kaka yake, dereva wa lori. Kanitazama. Nami nikamtazama, sikusema kitu — nilikuwa nimeshachoka kuuliza, huo ndio ukweli. Tukakaa hivyo. Halafu akaendelea mwenyewe. Kaka yake akirudi safari huwa na kisa, na kila akikisimulia tena kisa kinaongezeka watu, mpaka mama akaanza kuwapa majina wale wa kuongezwa. Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea, lakini kilikuwa kinakwenda. Nilicheka, naye akacheka!

Nikaingia kwenye Kiswahili, nikamuuliza mwaka mzima alikuwa wapi. Akaeleza bila uchungu wowote. Muhula wa kwanza alisimama darasani kwa Chiriku kueleza hichohicho kisa. Mwalimu akamrekebisha, akamrekebisha tena, kisha akammalizia. Kikawa kisa kingine. Wenzake wakacheka, si kwa ubaya. Akakaa chini, basi.

"Mwalimu ananipenda," kasema. "Ananisaidia kabla sijahitaji. Ile mashine inangoja. Nikikaa kimya hata muda gani, inangoja tu."

Nimempa alama zake. Keki iliyobaki nimewapa walimu wengine.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeomba kukaa nyuma darasani kwa Chiriku. Kasema karibu, hata kila siku.

Darasa zuri. Nakiri. Vicheko, watu wako macho, hakuna anayesinzia. Yeye mwenyewe huku na huku, chaki mkononi, sauti hadi uwanjani. Lakini safari hii niliacha kumtazama yeye, nikawatazama wao. Wanaosema ni walewale wachache wenye ndimi kali. Kijana mmoja mrefu alianza kueleza siku alipofungiwa maktabani. Alipotafuta neno, Chiriku kampa. Akatafuta la pili, kampa na la tatu juu yake. Mwisho kijana akawa anaitikia tu kwa kichwa huku Chiriku akituhadithia, vizuri sana, jinsi kijana alivyofungiwa maktabani.

Ukikusanya maneno yote ya kipindi kile, karibu yote ni yake. Miaka yote hii sikuwahi kuliona. Kwangu mimi yule ni Chiriku tu.

Tukitoka kaniuliza nimeonaje. Akajijibu mwenyewe: wanachangamka, eh? Nikasema wanachangamka.

Jumapili, 7 Aprili

Nimeandika kurasa mbili, nimefuta, nimeandika. Programu inawapa ujasiri na kuwafundisha kungoja ruhusa. Mwalimu anawapa uhai na hawaachii wamalize. Yote mawili ni kweli na yote mawili yamo. Chini, penye jibu, pako wazi.

Kinachoniuma ni hiki: Chiriku angenyamaza kidogo tu — kidogo! — ile mashine isingekuwa na kazi hapa. Jambo lake linarekebishika. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia, na mimi ndiye niliyekuwa karibu kuliko wote. Nikiandika haifai bila kumwambia, watakaoumia ni akina Kimya, mwaka hadi mwaka. Nikiandika inafaa, namtoa rafiki yangu barabarani, yeye na mama yake.

Baba watoto alikuwa anapiga pasi shati lake. Nikamsomea. Kasema mwambie yeye kwanza, kabla ya mkuu wa idara. Nikasema atakasirika. Kasema basi mwambie, halafu kimbia.

Nitamwambia kesho.

Jumatatu, 8 Aprili

Chumba cha walimu, saa ya chai. Naandika haraka.

Mkuu wa idara anaitaka ripoti leo. Nimemvuta Chiriku pembeni, kwenye viti vya dirishani. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima: programu ina kasoro kubwa, nimeiandika, kipindi chake nacho kina kasoro, nimeiandika pia, hiyo yake inatibika, na nataka aniambie leo hii kwamba atajaribu, ili niandike haifai kwa moyo mweupe.

Nikaanza. "Ile programu imewaharibu wale watoto, hawawezi kuzungumza na mtu. Lakini —"

Hakunifikisha mbali. Kanishika mikono yote miwili. Alijua, kasema, alijua nisingemtupa, mwezi mzima hajalala, mama anamuuliza kila asubuhi kama watahama na yeye anamdanganya. Nikasema ngoja kwanza. Kasema hakuna cha kungoja, dada yangu, Mungu akuzidishie. Machozi yakamtoka. Sijawahi kumwona akilia.

Nikajaribu tena. "Ila kuhusu kipindi chako —"

"Kipindi changu nitakiboresha," kasema. "Nitawaongelesha zaidi ya zamani. Utaona."

Kanikumbatia, kanilowesha bega, kachukua simu na kutoka nayo kwenye korido.

Ripoti iko magotini. Chini bado pako wazi. Mkuu wa idara kachungulia sasa hivi, kauliza kama iko tayari. Nimemwomba dakika moja. Kasema moja tu, kisha kavuta kiti, kakaa mbele yangu.

Chiriku bado yuko kwenye simu na mama yake, sauti inafika hadi hapa. Bila shaka mama ameanza kuuliza kitu, na bila shaka Chiriku amemjibu kabla swali halijaisha. Anamwambia asifungashe chochote tena, tumeshinda.