Nusu ya Doa Uliyoondoka Nayo

Nyumbani, chumba cha nyuma ya studio,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mkeo na watoto, na kwamba kile kikohozi chako cha baridi kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Mama mkwe anakula kidogo, lakini anakula. Mimi bado napima mchele wa watu watatu, nakumbuka tuko wawili mchele ukiwa tayari jikoni.

Najua ilikuuma kutofika kumzika kaka yako. Usijilaumu. Watu walikuja wengi kuliko nilivyodhani, wengine wameshika picha ndogo za pasipoti alizowapiga. Hata wale watoto wa mtaani waliomwita Bwana Tulia, kwa sababu ya ile "tulia, usipepese" yake, siku hiyo walitulia kweli. Angewasifu.

Nimeanza kuipanga studio. Unaikumbuka ile picha kubwa juu ya benchi la wateja? Milima ya manjano, mabonde meusi, na vile vikombe vya kijivu kama visima vya dunia nyingine. Wateja walikuwa wakibishana. Mwalimu wa hesabu aliapa ni mwezini. Wakimwuliza kaka yako ni nchi gani, alijibu, "Nyuma ya jiko langu." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilijua anapenda kupiga kwa karibu ule ukoga mkavu unaoota juu ya mawe, maana kila Jumapili alipotelea mlimani na lenzi yake akarudi magoti yamechafuka. Nilidhani yote yanatoka huko. Jiko nilidhani ni utani.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Daktari aliposema kaka yako ataruhusiwa kutoka hospitali Ijumaa, nilitaka arudi mahali pasafi. Nilifua mapazia, nikapiga deki, nikazunguka nyuma ya jiko. Ukuta nikauona umejaa madoa. Nikachukua brashi ya waya na maji ya sabuni, nikasugua asubuhi nzima. Shemeji, nilisugua huku naimba.

Alipofika aliomba kiti akae huko nyuma, apate jua. Aliutazama ule ukuta muda mrefu. Nikamwuliza, "Vipi, kuna doa nimeliacha?" Akasema, "Hapana, mama. Hukuacha hata moja." Kisha akanishika mkono, akaona vidole vilivyochubuka, akasema, "Umejichosha kwa ajili yangu." Akaomba chai. Siku tisa baadaye akatuacha.

Wiki iliyopita nilifungua boksi la viatu lililokuwa chini ya meza yake. Nilikuta picha kumi na mbili za doa moja la ukoga ule ule, upande mmoja la mviringo, upande mwingine limekatika kama lililokatwa kwa kisu. Kando ya kila moja ameweka njiti ya kiberiti ya kupimia. Ukizipanga mezani unaliona likitambaa, polepole mno. Miaka yote kumi na moja halikuongezeka hata upana wa njiti tano. Nyuma ameandika: "Ukuta wa jiko, tofali la tatu kutoka bomba la mvua." Zote zilipigwa mwezi wa Juni, moja kila mwaka. Ile ya kwanza ina maneno zaidi: "Nusu imeondoka leo na mdogo wangu."

Hapo nikaikumbuka siku uliyosafiri. Alimegua pembe ya tofali hilo kwa nyundo, akakutilia kwenye begi. Ukamwambia, "Kaka, mizigo inapimwa kwa kilo, wewe unanipa tofali?" Akajibu, "Libebe. Halili, halinywi, wala halilalamiki kama wewe." Sote tulicheka mpaka gari likaondoka. Kumbe kila ulipotimiza mwaka huko uliko, alitoka peke yake kwenda kuitazama nusu iliyobaki.

Jana nilichukua lenzi yake nikapiga magoti kwenye lile tofali la tatu. Niliona mikwaruzo ya brashi yangu tu, kama mito iliyokauka katika nchi isiyo na mtu. Nikaomba radhi kwa sauti. Jirani yetu fundi saa akachungulia juu ya uzio, akauliza, "Mama, unaongea na nani?" Nikamwambia, na tofali. Akasema, "Haya, likikujibu uniite." Nilicheka, Shemeji. Mara ya kwanza tangu msiba. Kisha nikaingia ndani nikalia mpaka mama mkwe akaja kunishika.

Juni hii ilikuwa ya picha ya kumi na tatu. Ndilo ombi langu. Kama kile kipande bado unacho, hata kama kinazuia mlango usijifunge, kitafute. Kipige picha kwa karibu uwezavyo, uweke njiti ya kiberiti kando, unitumie. Na kama ulikitupa zamani, niambie ulikitupa. Usinifiche kwa huruma kama alivyonificha yeye. Huruma ya namna ile siiwezi mara ya pili.

Mama mkwe anakusalimu, anauliza kama bado unakula haraka haraka. Fundi saa naye anakusalimu. Nisalimie mkeo, na yule kitinda mimba wenu ambaye kaka yako alimjua kwa picha tu. Mungu awafunike, awape siku nyingi za kuwa pamoja.

Nabaki nikikupenda kama ndugu wa tumbo moja,

Mke wa kaka yako.

Nyongeza: Ukikikuta kina vumbi, kipulize tu kwa mdomo. Tafadhali, usikioshe.