Pikapu ya Nyambura ni ya kijani

Jumapili

Mke wangu Nyambura alikufa. Wiki tatu sasa. Pikapu yake ya kubebea viazi bado iko hapa nje.

Leo mnunuzi kutoka Molo amekuja na fundi wake, akasema eti ni gari mbili zimeungwa. Nikakasirika. Bibi yangu hangenunua takataka. Nikasomea huyo fundi namba ya chesis, ile imechongwa kwa chuma ya gari, akaiweka kwa simu kutafuta rekodi yake. Ikakataa.

"Mzee, umesema O. Kwa chesis hakuna O. Hiyo ni sifuri."

Akarudia, ikakubali. Mwaka sawa, injini sawa. Gari ni moja. Rangi, kijani.

Miaka yote nilimwambia Nyambura ni bluu. Alikuwa ananicheka, "Baba Shiku, macho yako yameisha."

Haya mama, ni kijani. Umeshinda.

Mnunuzi ameongeza bei, nimekataa. Kesho narudi kazi ya mjengo, na nitaenda na hiyo pikapu.